Mgagani Uliopuliziwa Dawa

Jumanne iliyopita, katika ofisi moja ya kata pande za Nyakato, mama mzee aliweka fungu la mgagani ulionyauka juu ya meza ya afisa. Vibarua wa usafi walikuwa wamepulizia uwanja wake dawa ya magugu, yeye akiwa sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo mboga ya wajukuu wangu."

"Mama, haya ni magugu. Yanaficha mbu."

"Kwenu wapi?"

"Magu."

"Mama yako alipopalilia mtama, mgagani aliung'oa?"

Afisa akaitazama kalamu yake. "Aliuacha."

"Na mlenda?"

"Aliuacha pia."

"Akaukausha, mkala kiangazi kizima, ukapata nguvu ya kusoma. Haya, sikuja kugombana. Nyuma ya choo kumebaki majani mabichi. Nikiyachuma leo, watoto watadhurika? Nisubiri siku ngapi?"

Afisa akatoa kopo la dawa chini ya meza, akaligeuza mara mbili, akayasogelea maelezo ya lugha ya kigeni yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, kisha akalirudisha.

"Tutafuatilia, mama."

Mama akayafunga majani yake katika pindo la kanga, jani baada ya jani, akatoka.

Sisi tuliosoma tumezoea kuita gugu kila kinachoota bila kutuomba mbegu wala maji. Kupulizia dawa kulichukua asubuhi moja. Jibu la swali la mama lingali linafuatiliwa, na wajukuu hula kila siku.