Riwaya ya Vita na Swali Tusilomuuliza Hamad

Nakumbuka Idi moja, mwanangu, miye bado msichana wa kusukwa nywele na mama, kaja mgeni nyumbani kwetu Mtambile, Pemba. Jina lake Hamad, mtu wa Makoongwe, kile kisiwa kidogo unachokiona ukisimama Mkoani. Alikuwa mwanajeshi. Alikwenda vita vya Uganda pamoja na kaka yangu Faki. Yeye akarudi, Faki hakurudi. Mama akampa kahawa na vileja, akamuuliza hali ya mkewe, hali ya bahari, hali ya mguu wake uliokuwa ukimsumbua. La Faki halikutajwa. Nami nilikuwa na ulimi mwepesi tangu hapo, nikafungua mdomo: "Kaka Hamad, hivi Faki..."

"Mize!" Mama hakuningoja nimalize. "Hebu nenda katazame chungu jikoni."

Jikoni hakukuwa na chungu. Mgeni alipoondoka nikaitwa, nikakalishwa chini. "Mtu katoka vitani, kaona aliyoyaona," mama aliniambia. "Kaja kutupa mkono wa Idi, weye wataka kumliza? Una adabu gani weye?" Nikasema sirudii tena, na kweli sikurudia.

Nikwambie na namna tulivyoipata habari ya kifo cha Faki, maana ndiyo iliyonigombanisha na kitabu nitakachokutajia. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majirani walikuja alasiri kutusaidia kuchambua, kama desturi yetu: lundo katikati ya jamvi, watu wamelizunguka, mikono inatoa karafuu kwenye vikonyo, midomo inataniana na kusengenya watu. Siku ile walikuja wengi kuliko kazi yenyewe, wakakaa, wakachambua kimya. Mama akatazama huku na huku, akacheka kidogo. "Mbona leo hamnitanii? Kwani nani kafa?" Bibi mmoja jirani yetu akainama zaidi, machozi yakamdondoka juu ya karafuu. Mama akajua. Hakupiga ukelele. Alivuta kanga akajifunika uso, na mikono yake ikaendelea kuchambua mpaka Magharibi.

Maiti haikuja, alizikwa hukohuko. Jambo moja likabaki linamla mama hadi anaingia kaburini. Kama ni risasi au bomu, hilo hakulijali. Alitaka kujua kama mwanawe alipata mtu wa kumtamkisha shahada, au alikata roho peke yake porini, ulimi mkavu. Kila akimaliza kusali nilimsikia akimwomba Mungu juu ya hilohilo. Hamad naye akija kila Idi, na kila Idi tukimuuliza hali ya bahari.

Sasa mwaka huu mjukuu wangu Salma, mwalimu wa skuli, kaniletea riwaya. Loo, riwaya hiyo! Huingii dukani usisikie watu wakiizungumza. "Bibi, ni ya vita vya Uganda," akaniambia, "na ndani yake mna kijana wa Pemba. Mwandishi kazungumza na askari waliorudi. Utalia!"

Nikavaa miwani. Kulia sikutaka, mwanangu, machozi ninayo yangu. Nilitaka yule kijana wa Pemba awe Faki. Mambo ya kijinga haya kwa mtu mzima, nacheka mwenyewe nikiyasema, lakini nilifunua kila ukurasa moyo wanidunda, nikijiambia huenda Hamad, kabla hajafa, alimwambia mwandishi yale ambayo siye hatukumuuliza.

Basi kijana wa Pemba akafa karibu na mwisho, na kufa kwake kukachukua kurasa nzimanzima. Kapigwa risasi ya kifua, lakini anahutubia kama mgombea wa uchaguzi: nchi, bendera, msichana aliyemwacha Chake Chake. Hata maji hakuomba. Shahada hakutamka, mwandishi hakuikumbuka. Na huku nyumbani mama yake analetewa habari na ofisa mwenye viatu vinavyong'aa, anazimia, anazinduka, anatoa hotuba naye. Nikakitupa kitabu kitandani. Nilihisi uchungu hasa, mwanangu, uchungu wa mtu aliyeahidiwa ndugu yake akaletewa mwigizaji. Salma akauliza, "Bibi, hakikukupendeza?" Nikavua miwani.

Hasira zile ndizo zilizonipandisha boti kwenda Makoongwe. Hamad mwenyewe kafa zamani, lakini mkewe, Bi Mkasi, yuko hai. Nikamkuta anakuna nazi. Tukasalimiana, tukaulizana za watoto na wajukuu, kisha nikasema bila kuzunguka: "Bi Mkasi, marehemu alipata kukwambia lolote juu ya kaka yangu Faki?"

Akaacha kukuna. "Leo ndiyo mwauliza?" akasema. "Kila Idi akivuka kwenda kwenu aliniambia, leo wataniuliza. Akirudi namwambia, ehe? Ananijibu, wamenipa kahawa."

"Mbona asituambie mwenyewe?"

"Amwanze mama wa mtu? Amtoneshe kidonda siku ya Idi? Aliona haya, Bi Mize. Faki alifia mapajani pake. Yeye ndiye aliyemtamkisha shahada, na kaitamka yote, ulimi mzito lakini kaimaliza. Yeye na wenziwe wakamsalia, wakamzika."

Nililia pale hata Bi Mkasi akaingiwa na hofu, akaniletea maji. Mama yangu kalala kaburini na swali lake, mwanangu, na mwenye jibu alikuwa akija kwetu kila mwaka, akikaa barazani, akiondoka nalo.

Yule mwandishi nimemsamehe. Angekuja kutuuliza, tungempa nini? Kahawa, na hali ya bahari. Alitunga kwa sababu wenye habari tulinyamaza, siye kwa haya na Hamad kwa haya.

Kwa hiyo nakuusia. Vitabu soma, sikukatazi, na ukitaka kulia lia. Lakini habari ya mtu wako usiingojee kitabuni, wala usidhani kumnyamazia mwenye msiba ni adabu siku zote. Chagua saa nzuri, kaa karibu naye, umtake radhi, kisha umuulize. Akilia mpe kitambaa. Akikataa mwache, mwakani umuulize tena. Na ukiwa weye ndiye mwenye habari, usingoje kuulizwa, sema. Mama namheshimu mpaka kesho, na adabu alizonifunza ndizo nilizokulea nazo, ila hili moja alikosea, maskini, na aliyeumia ni yeye.

Mwenyezi Mungu awarehemu Faki na Hamad. Amrehemu na mama yangu, amfikishie huko aliko habari aliyoikosa hapa. Nawe, mwanangu, akupe moyo wa kuuliza mapema. Na kila unayempenda, siku yake ikifika, asikose mtu wa kumshika kichwa na kumtamkisha shahada, na mtu huyo aje akwambie. Amin.