Siku Kumi za Chapo

Harufu ya mbwa aliyeloa ndiyo inayonijia kwanza nikiukumbuka mwaka niliotimiza miaka kumi, ikiwa imechanganyika na sabuni ya kipande na matope ya Lindi, sehemu ya Kibera ambako mimi na mama tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Mvua za Aprili zilikuwa zimeshika. Nilimkuta mtoto wa mbwa mtaroni, nyuma ya bucha, amejibana juu ya gunia, maji yakipita pande zote, na ndugu zake wawili wamekufa kando yake. Alikuwa na rangi ya chapati iliyoungua kidogo, basi nikamwita Chapo. Nilimfunika kwa sweta ya shule nikakimbia naye nyumbani, na nilipomwosha kwenye karai, viroboto walielea juu ya maji kama majani ya chai.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Alitoka Kitui akiwa msichana, na cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka moja kule Makina. Jioni ile alisimama mlangoni, akamtazama Chapo, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Alinijua. Nilikuwa mtoto asiyetulia. Nilianza kazi nyingi na kumaliza chache, na hata chakula nilikila nimesimama. “Mwikali, sikia,” akasema. “Huyu si mdoli. Akikula, ni wewe umempa. Akichafua, ni wewe unapanguza. Na akileta shida, ni yako.” Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kwa miezi mitatu nilijitahidi. Kila nikitoka shule nilipitia bucha kuomba mabaki, nikayachemsha na ukoko wa ugali. Nilimtoa kupe masikioni, nikafagia alipochafua, nikafua gunia alilolalia. Chapo naye aliijua sauti ya miguu yangu kati ya miguu yote iliyopita kwenye kichochoro chetu, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha. Nilipofanya kazi ya shule alilala juu ya nyayo zangu, na kwa kuwa sikutaka kumwamsha, nilikaa kitako saa nzima. Mwalimu alishangaa hesabu zangu zilivyonyooka.

Kisha mtu mwenye kipaza sauti alipita akitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, Jumamosi, kwenye uwanja mmoja huko Kianda. Mama alikuwa na nguo za harusi za kumaliza, akanituma peke yangu. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, mbwa wanabwekeana, na Chapo ananivuta kwa kamba. Nyuma ya ua niliwasikia wasichana wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, mpira ukidunda na mtu akicheka. Nikajiambia nitacheza kidogo tu nirudi. Niliporudi, meza zilikuwa zimekunjwa na gari limeondoka. Nyumbani mama aliniuliza, pini zikiwa mdomoni, “Amedungwa?” Nikasema amedungwa.

Wiki mbili baadaye, shule zikiwa zimefungwa, Nekesa alitia mkono kwenye bakuli la Chapo. Alikuwa na miaka mitatu, mtoto wa jirani yetu aliyetoka Kakamega na aliyeuza githeri mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Chapo alikuwa akitafuna mfupa. Yalibaki matundu mawili mekundu nyuma ya kiganja cha mtoto. Mama aliuosha mkono ule bombani kwa sabuni na maji mengi, akaendelea kuuosha hata nilipodhani umetakata, kisha akasema bila kunigeukia, “Leta kadi ya chanjo.”

“Hakuna kadi,” nikasema. “Sikumaliza laini.”

Nilingoja anichape. Angenichapa ningepata nafuu. Alifunga bomba tu, akasema, “Enda umwambie mama yake. Wewe mwenyewe.”

Mama Nekesa alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. Nilipomaliza aliuweka chini. “Uliona laini ni ndefu,” akasema. “Sasa ni huyu wangu atapanga laini ya sindano.”

Hospitalini Nekesa alianzishiwa sindano siku ileile, na tukaambiwa mbwa afungwe, atazamwe kwa siku kumi. Akiendelea kuwa mzima, basi hakuwa na ugonjwa alipouma. Tuliporudi, vijana wa ploti walikuwa wameshaokota mawe, na msimamizi wa ploti alitaka mbwa aondoke kabla jua halijatua. Mama alimtia Chapo kwenye kreti ya mbao, akaipandisha mkokotenini, tukampeleka Kawangware kwa dada yake, shangazi Syombua, aliyeuza makaa na kuwa na ua wa mabati nyuma ya nyumba. Mimi niliachwa huko nimwangalie.

Sikuruhusiwa kumgusa. Nilimsogezea maji kwa fimbo, kisha nikakaa juu ya jiwe, nikainuka, nikazunguka magunia ya makaa, nikarudi kumtazama kama anameza. Kila alipotoa udenda nilidhani ndicho kichaa kimeanza. Siku ya nne hakula. Shangazi alikuja akamwinamia kwa mbali. “Hata wewe ungefungwa hivi ungekula?” akaniuliza, lakini nilimwona akirudi kuchungulia mara tatu. Siku ya tano Chapo alilamba bakuli mpaka likagongana na ukuta.

Siku za sindano nilitembea kupitia Jamhuri mpaka Kibera, kwa sababu Mama Nekesa alitaka niwepo. Yeye ndiye aliyenipa mtoto nimpakate. Mara ya kwanza Nekesa alilia shingoni mwangu hadi kola ikaloa. Mara iliyofuata, muuguzi alipotokea na sindano, alinishika kidole mwenyewe.

Siku ya kumi na moja daktari wa mifugo alimkuta Chapo mzima, akamdunga, akaandika kadi. Niliikimbiza hadi Lindi, na kabla ya kumwonyesha mama nilimpelekea Mama Nekesa. Aliisoma pande zote mbili, akanirudishia. “Sawa,” akasema. “Umekula?” Akanipakulia githeri, nikaila nimeketi kando yake.

Chapo alibaki Kawangware, akalinda makaa ya shangazi miaka kumi na mmoja, nami nilimwendea kila Jumamosi. Leo naishi mtaa huohuo, ghorofa ya nne. Binti yangu anataka mtoto wa mbwa. Siku hizi unamchagua kwa picha ya simu na bodaboda anakuletea kabla ya chakula cha mchana, na wengine huonekana jalalani kabla mwezi haujaisha. Nimezunguka nyumba hii wiki tatu nikiwaza nani atakuwepo mchana, atakojoa wapi, nani atamshusha ngazi. Lakini linalonikosesha raha zaidi ni kwamba kando yetu anaishi mtoto mdogo ambaye namsikia tu akilia, wala sijui jina lake. Kule Lindi nilipokosea nilijua mlango wa kwenda kubisha, na aliyefungua alinijua. Hapa milango ni ya chuma na kila mtu anafunga wake.

Jumapili iliyopita nilimshika binti yangu mkono, tukaenda kubisha kwa jirani, tujitambulishe. Habari ya mbwa tutaizungumza baadaye.