Ugomvi wa Kuagiza Jikoni kwa Otilia

Jua halijapanda ukuta wa ua, na Otilia Cuatecontzi amekwisha kubandika sufuria kubwa ya tamali, madonge ya unga wa mahindi yanayofungwa kwa maganda na kuivishwa kwa mvuke juu ya maji. Jana alipika kwa utulivu, zikaiva vizuri. Leo unga wa mahindi ni uleule, kuni zilezile, sufuria ileile. Anataka kubadilisha kitu kimoja tu.

“Haya, gombaneni,” anawaambia mumewe, Fermín, na wifi yake, Casilda.

Wanatazamana. Casilda anaziba mdomo kwa ncha ya shali, lakini kicheko kinamtoka.

Hapa mjini Huamantla kila mpishi anajua kwamba tamali zikisikia ugomvi hugoma kuiva. Ndiyo maana watu hufunga tepe za maganda ya mahindi kwenye mishikio ya sufuria, kuzibembeleza. Mwezi uliopita tamali za ubatizo zilitoka mbichi, siku ambayo Fermín na dada yake walirushiana maneno. Fermín akatangaza kwamba Casilda ana hasira za kuzaliwa nazo, asikanyage tena jikoni.

Keshokutwa ni sikukuu ya Candelaria, mji mzima utataka tamali. Otilia, mwenye miaka hamsini na sita, hawezi kukanda unga wote peke yake. Casilda naye ni mjane, na kukanda huko ndiko kunakomlipia kodi ya chumba.

“Mimi sibishi,” anasema Otilia. “Ila siku ambazo watu waligombana na tamali zikaiva, mbona hakuna anayezikumbuka?”

Ugomvi wa kuagiza haushiki. Fermín anajaribu kulaumu chumvi, anapotea njiani. Otilia anamuuliza, kwa sauti ndogo, nani hasa aliuza nguruwe wa marehemu mama yao.

“Aliyemuuza anajijua,” anasema Casilda.

“Dada, usianze.”

“Nianze nini, wakati buti ulizovaa ndiye nguruwe mwenyewe?”

Sasa wamewaka. Kuku wanahama ua. Otilia anainamia sufuria. Chini ya maji ameweka sarafu, kama alivyofanya mama yake: maji yakichemka, sarafu hugongagonga, ikinyamaza, yamekauka. Anatega sikio. Anachosikia ni nguruwe tu.

Anafunua kifuniko na kuchungulia pembeni. Maji yamekwisha, sarafu imelala. Anamimina maji ya moto, anafunika, anawaacha waendelee.

Tamali zinaiva, laini kama za jana.

“Hazina habari na hasira zenu,” anawaambia. “Mkipiga kelele hatuisikii sarafu, mvuke unakatika. Basi.”

Fermín anafuta jasho. “Kwa hiyo nilisema kweli. Ugomvi unaziharibu.”

“Ulisema kweli. Lakini mwenye sauti kubwa hapa ni nani?”

Fermín anatazama kuku wanaorudi uani.

Otilia hajaridhika. Mara moja, anasema, huenda ni bahati. Angependa wagombane tena baada ya sikukuu, na mara nyingine baada ya hapo. Casilda anamwambia asiwe na wasiwasi, mada zipo.

Tepe je, atazifungua? Anafikiri kidogo. Hizo bado hajazijaribu, na Candelaria si siku ya kujaribia.

Mpango wa keshokutwa ameshaupanga: Fermín atakaa kando ya sufuria kusikiliza sarafu, kazi isiyofanyika mdomo ukiwa wazi. Casilda hangoji kuambiwa yake. Ananawa mikono hadi viwikoni, anavuta beseni la unga, anaanza kukanda.