Mfupa wa Matanga na Mdomo wa Bosko

Nilipokuwa mtoto mwenye mapengo mawili, dani yangu alikuwa na mapengo sita na alijivunia yote. Dani ndivyo tunavyomwita bibi. Meno yake ya mbele ya chini yaling'olewa alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa zamani, na mtu akimtania kwa kutafuna polepole, alijibu kwamba yeye angalau anaujua mdomo wake.

Tuliishi Lambwe, na Dani ndiye aliyeshika miiko ya boma. Mmoja aliurudia kila palipotokea msiba: mfupa wa nyama ya matanga haupewi mbwa. Ukimpa, utamfunga kinywa, na kinywa hicho kitaita kifo kingine nyumbani kwenu. Alivyousema, hukuthubutu kucheka.

Nami nikampa. Jirani yetu alipozikwa, nilirudi na mfupa wa ubavu ndani ya mfuko wa sweta, nikampa Bosko nyuma ya ghala la mahindi. Alikuwa mbwa wangu na alinitazama kwa macho yale. Aliutafuna kwa raha, nami nikajiona mjanja.

Baada ya siku chache Bosko alianza kutokwa na ute. Alijikuna mdomo kwa mguu wa mbele, akaunusa ugali na kuuacha. Harufu yake ilikufikia hata ukiwa mlangoni. Wakubwa walikuwa wakiulizana kulikoni, na mimi nilijua. Niliwatazama watu wa nyumbani mmoja mmoja nikijiuliza nimemuua nani.

Asubuhi moja baba mdogo Owuor akaja na panga.

"Mama, hii mbwa imekula kitu ya matanga," alimwambia Dani. "Si unaona mdomo? Wacha niimalize kabla haijatumalizia mtu."

"Ngoja kwanza," Dani akasema. "Mimi najua uchungu ya mdomo. Wacha niangalie."

Akamlaza Bosko, akambana kwa magoti na kuuinua mdomo wake wa juu. Leo nisingemruhusu. Mbwa anayetokwa na ute anaweza kuwa na kichaa, na mkono haupelekwi mdomoni mwake kabla daktari wa mifugo hajamwona. Dani alibahatika tu, nasema hivyo bila kumvunjia heshima.

Nilichungulia. Chini mbele niliona meno sita madogo, yale yale ambayo Dani hakuwa nayo. Kisha chonge, kisha magego. Na juu, kutoka magego ya kushoto hadi ya kulia, kipande cha mfupa kilikuwa kimejipachika kama boriti. Ufizi ulikuwa umevimba na kutoa usaha. Kinywa kilikuwa kimefungwa kweli.

Dani alikichokonoa kwa mpini wa kijiko hadi kikatoka. Akakifumba kiganjani, akanitazama.

"Nini hiyo?" baba mdogo akauliza.

"Kijiti," Dani akasema. "Ilikwama tu. Rudisha hiyo panga kwa nyumba."

Alipoondoka, Dani alikitupa kile kipande motoni. "Nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu, "usirudie." Jioni ile Bosko alilamba uji, nami nililia kwa furaha.

Sasa nakaa Migori, nina mbwa wawili, na majirani hucheka wakiniona nikiwapiga mswaki uani. Wacha wacheke. Mdomo wa mbwa ukinuka, si uchawi, wala si kwamba mbwa ndivyo walivyo. Mzoeshe mbwa wako tangu mdogo kuinuliwa mdomo, ili uweze kutazama. Ukiona ukoga wa njano kwenye magego, ufizi mwekundu au jino lililovunjika, mpeleke kwa daktari, maana mbwa hula huku akiumia na hatakuambia. Tumia mswaki laini na dawa ya meno ya mbwa, si yetu sisi. Na mifupa iliyopikwa hapana, iwe ya matanga au ya Krismasi.

Hakuna aliyekufa nyumbani mwaka ule. Kwa muda mrefu nilidhani Dani alijua, kama nijuavyo leo, kwamba ule ulikuwa mfupa tu. Sivyo. Aliuamini mwiko ule mpaka siku yake ya mwisho. Aliposema kijiti, aliamini kifo kimeshaitwa, akaamua kukingoja mwenyewe badala ya kuniacha nilaumiwe.

Nakumbuka wiki ile alifua shuka lake zuri, akalikunja na kuliweka kando ya kitanda. Mimi nilidhani tunatarajia wageni.