Mtani Aliyepanda Jukwaani

Hii habari nikiisimulia naonekana zuzu, na sina cha kujitetea. Basi naisimulia hivyo hivyo.

Mpanda yetu ilikuwa na mwimbaji mmoja, miaka ya tisini mwanzoni. Redio haikumjua. Ila sisi wachache tuliompenda, wazazi walituuliza kama tumelogwa. Kanda zake tulirekodiana mpaka sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na bado tunalia. Pombe alikunywa, bendi zote aligombana nazo, mwisho akaugua. Akapanda treni kwenda Tabora kutibiwa, akafia huko, akazikwa huko huko kati ya watu wasiomjua.

Baadaye kikundi cha maigizo cha Ilembo kikatunga mchezo wa maisha yake. Mjane wake alikuwa analima mpunga Usevya, akaja kuuona Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia. Alishawaambia wakimfanya mume wake kichekesho, mchezo unaishia siku hiyo. Kiongozi wa kikundi akatutangazia, akatuomba sisi watazamaji tutulie. Nadhani aliniangalia mimi.

Jamani, ule mchezo! Aliyemwigiza ni fundi cherehani, mtu mpole hata kuku hamfukuzi. Lakini alivyoingia, bega moja limeshuka, kikohozi kidogo kabla ya kuanza ubeti, nywele zilinisimama. Akiimba amelewa hakuchekesha. Ulimwona mtu anayejua anaharibu na hawezi kuacha. Sijaona tena mtu anayeweza vile.

Mwisho wakaleta jeneza la maboksi, wanawake wa jukwaani wakaanza kulia. Sasa, kabila lake na langu ni watani. Na mtani hanyamazi msibani. Unamwigiza marehemu, unalala njiani jeneza lisipite, ili waliofiwa wacheke kidogo. Mimi nilikuwa nimelia mpaka kichwa hakipo. Nikaona msiba, mtani hakuna. Miguu ikapanda yenyewe.

Nikatembea kama yeye, bega chini. Nikajilaza mbele ya jeneza, nikasema huyu mlevi hazikwi mpaka amalizie ule wimbo aliouacha katikati kule Kakese akakimbia. Nikageuza kichwa, nikamwona marehemu kasimama nyuma ya pazia na kikombe cha maji, ananikodolea macho. Ndipo nikakumbuka ni mchezo.

Kiongozi alinivuta mguu, akaninong'oneza kwamba nimewamaliza. Mjane alikuwa ameinama, khanga usoni, mabega yanatikisika. Nikatoka nje nikajificha kwenye baiskeli za watu, wao wakamalizia kuzika.

Watu walipotoka, yule mama akanifuata. Kiongozi nyuma yake anaapa kwamba mimi si mwenzao, ni kichaa tu wa mtaani. Mama akaniuliza kabila langu. Nikamtajia. Akajifuta macho, nikaona kumbe alikuwa anacheka.

"Tabora nilimzika bila mtani," akasema. "Nilikaa kwenye msiba wangu kama mgeni. Hawa waende na mchezo wao popote, nimeruhusu, ila wewe uwe unalala pale kila wakicheza. Na kule Kakese hakukimbia, mtani. Alisahau maneno, akaja nyumbani kuniuliza mimi."