Diski Isiyo na Sauti

Mtaani walimwita Nyamazeni, na hakuwa na wa kumlaumu, maana hilo ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote. Watoto wakicheza mpira nyuma ya ukuta: nyamazeni. Jirani akisogeza viti: nyamazeni. Alikuwa prodyuza wa muziki, na studio yake ilikuwa chumba cha pili katika nyumba ya vyumba vitatu, dirisha limezibwa kwa godoro, kuta zimebandikwa trei za mayai. Kabla ya hapo alipiga kinanda kwenye kumbi za harusi miaka ishirini, amesimama bega kwa bega na spika zilizomzidi kimo. Bendi ilipovunjika akanunua kompyuta na maiki moja nzuri, akaanza kurekodi wengine.

Kazi yake ilikuwa safi, hilo hatutamnyima. Kisha mwaka huu filimbi ikaanza. Filimbi nyembamba, ya juu, isiyopumzika, chini ya kila wimbo aliorekodi. Aliisikia mwimbaji akinyamaza kati ya ubeti na ubeti, ikamkera kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Waimbaji aliowauliza walisema ndiyo, ipo kwa mbali, ili wamalize waende zao. Mkewe peke yake ndiye aliyesema, "Mimi sisikii kitu."

"Wewe masikio yako yamekufa kwa cherehani," akamjibu.

Akaanza kuisaka filimbi nyumbani mwake. Saa ya ukutani ikatolewa betri. Friji ikazimwa, maziwa yakachacha. Cherehani ya mke, ambayo ndiyo iliyowalisha bendi ilipovunjika, ikatupwa uani, mke akawa anashonea juani. Filimbi ipo. Ndipo jicho lake likamwangukia mama yake mzazi.

Mama alikuwa na pumu. Alilala chumba cha tatu, na kifua chake, kweli, kilipiga filimbi.

"Mama, ni wewe," alimwambia mbele ya mkewe, bila hata kukaa chini. "Kifua chako kinaingia kwenye maiki."

"Kupitia kuta zote hizi, mwanangu?"

"Maiki ile inasikia mpaka sisimizi."

"Basi nitahemea kwenye mto," mama akasema. "Nikiona waimbaji wamekuja, naweka mto usoni. Hutanisikia."

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Yeye alimfungia begi. Alimpeleka kwa dada yake wa kuzaliwa naye, ambako watu sita wanabanana vyumba viwili na jiko la mkaa linawashwa koridoni kwa kuwa hakuna pengine pa kuliweka. Mwenye pumu na moshi wa mkaa! Na daktari wa zahanati alishamwambia yeye mwenyewe, ana kwa ana, kwamba moshi ndio utakaommaliza mama yake.

Mama akaondoka, filimbi ikabaki.

"Si umeona? Kamrudishe," mke akasema.

"Nikiongeza sauti juu ya sauti nitajuaje inatoka wapi? Kimebaki kitu kimoja tu, diski ya kompyuta. Ile ina sahani zinazozunguka ndani. Nikiibadilisha filimbi itakwisha, na siku hiyohiyo namfuata mama."

"Siku hiyohiyo?"

"Nimeshasema."

Ahadi hiyo alimpa na mama kwa simu. Tangu hapo mama alipiga kila siku mara moja, akauliza kwa maneno yaliyokatikakatika kama diski imepatikana. Hakujua diski ni mnyama gani. Alijua tu kwamba ikipatikana, atarudi kwenye kitanda chake.

Cherehani ikauzwa ili diski inunuliwe. Mke aliridhia kwa ajili ya mama mkwe, si kwa ajili ya muziki. Aliifuta vumbi, akamkabidhi mnunuzi pamoja na kopo la mafuta yake, akaingia ndani.

Muuza kompyuta, mwanamke mpole, alimwekea diski mbili juu ya meza.

"Kaka, hii ya sahani ni kubwa, nyimbo zako zote zitaingia na nafasi ibaki. Ila inanguruma kidogo, na sauti nyingi zikicheza kwa pamoja inakwama. Hii ndogo haina kinachozunguka. Haina sauti kabisa, inakimbia, lakini inajaa mapema. Wenzako wanafanyia kazi kwenye ndogo, wimbo ukiisha wanauhamishia kwenye kubwa, wanaifungia kabatini."

"Niwashie, dada, nizisikilize."

Akaziunganisha. Nyamazeni akainama, akaweka sikio juu ya ile kubwa. Ilitetema. Akaweka sikio juu ya ndogo. Barabarani magari yalipiga honi, na fundi wa duka la pili alikuwa anakata chuma. Hakusikia kitu.

"Vipi, inalia?" muuzaji akauliza, akijizuia kucheka, maana wateja wawili nyuma walishashindwa.

"Hailii. Nipe hii," akasema, akacheka nao. Muda mrefu hakuwa na furaha namna ile.

Nyumbani alimkuta mke ametandika kitanda cha mama na kufagia chumba. Akaifunga diski kwa mkono wake, akapakia programu zake, akafunga mlango. Ilikuwa saa nane mchana, watoto wako shuleni, mtaa umetulia. Akawasha maiki, akarekodi dakika moja ya chumba kitupu, akavaa hedifoni kusikiliza.

Filimbi.

Akavua hedifoni. Filimbi. Akazima kompyuta, akachomoa waya. Akatoka koridoni, akateremsha swichi kubwa ya umeme wa nyumba nzima, akarudi, akasimama katikati ya chumba. Filimbi. Mwisho akaziba masikio yote mawili kwa viganja, akakandamiza, na hapo ikamjia kubwa kuliko siku zote. Ilikuwa ndani ya kichwa chake.

Akakaa sakafuni. Mjinga hakuwa, alijua miaka ishirini kando ya spika inafanya nini kwenye sikio la mtu. Alijua kwamba prodyuza mwenye sikio bovu hapelekewi wimbo na mtu yeyote. Alijua pia kwamba mama yake amekuwa akila moshi bure tangu siku ya kwanza, na kwamba akilitamka hilo, mkewe hatamtazama tena kama mtu.

Mke akagonga, akafungua. Alishavaa viatu.

"Mbona umeme umekatika? Mama yuko kwenye simu. Ameshafunga begi, anauliza kama tunakuja sasa hivi."

Akaipokea simu.

"Imenyamaza, baba?" mama akauliza, kisha akakohoa, kikohozi kirefu kisichofika mwisho. Mkewe alikuwa anamtazama mdomoni.

"Bado, mama," akasema. "Wameniuzia mbovu. Vumilia kidogo, nitafute nyingine."

"Pole, baba," mama akasema. "Watu siku hizi hawana huruma. Ngoja nimwambie dada yako anitandikie tena."