Salamu Ishirini na Tano Zilizopotea

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Wabera, na mdomo wangu hauna breki. Siku ya wazazi nilijigamba kwamba fomula za aljebra hazikaririwi, zinahesabiwa. Nikasimamisha wazazi kumi: kila mmoja amsalimie kila mwenzake kwa mkono, na fomula yangu ilisema tutapata salamu arobaini na tano.

Tukapata ishirini. Tukarudia; ishirini. Nikawafokea kwamba ni wavivu, mwalimu mkuu akinitazama.

Mama Halima, muuza maziwa ya ngamia, akacheka.

“Mwalimu, wanaume ni watano, wanawake watano. Tano mara tano ni ishirini na tano. Hizo ndizo zimepotea, juu mwanaume na mwanamke hapa hatushikani mikono. Kwani si wewe ni kijana wa imamu?”